UZI: Kwa nini mazimwi wa sinema za zamani wote wametoka ng'ambo?

#1 Kisenyi_Filamu
Ndugu zangu, salamu. Naleta dai, mlipime.

Chukueni mazimwi wa sinema za kati ya 1922 na 1941, muwavue vipodozi. Anayebaki ni mgeni. Orlok wa Nosferatu (1922) anatoka milima ya Karpati na kuingia mji wa Kijerumani kwa meli, akifuatana na panya na tauni. Dracula wa 1931 anatoka huko huko, anaingia Uingereza kwa meli ya Demeter ambayo mabaharia wake wamekwisha. Imhotep wa The Mummy (1932) ni Mmisri. Fu Manchu wa mwaka huo huo ni Mchina. King Kong (1933) analetwa kutoka kisiwani.

Alama zao ni tatu na zinarudiwa kila filamu: anavyofika, anavyosema, na anachokitaka. Hiyo ya tatu husahaulika. Dracula na Orlok hawaanzi na damu, wanaanza na nyumba. Wote wawili wanaletewa karatasi na kijana wa ofisi ya mawakala, wanatia sahihi, wanakuwa majirani. Kabla hajang'atwa mtu yeyote mjini, tayari kuna mkataba wa nyumba. Kampala hapa sote tunajua hofu ya mtu asiyejulikana anayenunua kiwanja cha jirani.

Kwa hiyo nasema zimwi ni mhamiaji. Mwenye ushahidi wa kupinga aulete, lakini auletee maelezo: taa, vipodozi, sauti, si maoni matupu.

#2 Mwl_Tororo
Dai lina nguvu ila umechagua mashahidi wako. Kiumbe wa Frankenstein (1931) hakutoka popote. Ametengenezwa hapo hapo, na mtoto wa ukoo mkubwa, kwa viungo vya maiti za watu wa hapo hapo. Larry Talbot wa The Wolf Man (1941) ni mrithi wa nyumba kubwa huko Wales, amerudi kwao baada ya miaka 18 Marekani. Na Kong hakuhamia New York. Alitekwa, akafungwa minyororo, akasafirishwa, akaonyeshwa kwa kiingilio. Ukimwita mhamiaji unafuta kosa la waliomleta.

Sahihisho dogo: meli ya filamu ya 1931 inaitwa Vesta. Demeter ni ya riwaya ya 1897.

#3 Kisenyi_Filamu
Vesta, nimekubali. Ahsante mwalimu.

#4 FundiVipodozi
Mmetaja Frankenstein, hapo ndipo pangu. Tazameni alichofanya fundi wa vipodozi Jack Pierce kwa Boris Karloff, aliyecheza kiumbe huyo, kabla hamjaamua ni mgeni wa aina gani.

Kichwa kilijengwa upya kila asubuhi, kazi ya kama saa nne. Vifaa ni pamba, kolodioni (kimiminika kinachokauka kuwa utando) na gundi ya ngozi. Unaweka tabaka jembamba la pamba, unapaka kolodioni kwa brashi, unasubiri likauke, unaongeza jingine. Nta iliwekwa kwenye kope za juu ili macho yaonekane mazito kama ya mtu asiyelala. Karloff alikuwa na meno ya bandia upande mmoja, akayatoa, shavu likabonyea lenyewe. Ngozi ilipakwa rangi ya kijivu chenye ukijani kwa sababu kwenye filamu nyeusi na nyeupe hutokea kama ngozi ya maiti.

Sasa nguo, na hapa ndipo maana ilipo. Mikono ya koti ilifupishwa ili viganja vining'inie mbali. Viatu vilikuwa buti nzito zenye soli iliyoinuliwa. Koti lisilomtosha, buti za kazi, mikono mirefu, hana maneno: huyo si mgeni wa ng'ambo, huyo ni kibarua. Filamu imetoka 1931, Marekani watu wamejaa barabarani hawana kazi. Mwenye nyumba aliogopa mtu wa namna hiyo akisimama mlangoni pake.

Kwa atakayejaribu: ukiweka pamba nene kwa mara moja, juu hukauka na ndani hubaki mbichi. Jasho likija, kipande chote kinabanduka kama ganda la tooke. Kolodioni ina etha, inashika moto haraka na mvuke wake unalevya. Usiitumie kwenye chumba chenye jiko au mshumaa. Mpira wa maji (latex) ni salama zaidi: tabaka nne au tano nyembamba, kingo uzififishe kwa sifongo, na kwanza upake kidogo kwenye kifundo cha mkono wa mwigizaji siku moja kabla, maana ngozi za wengine huvimba. Msimu wa mvua zidisha muda wa kukausha mara mbili.

#5 Kibanda_Nne
Fundi, heshima. Mimi nashika sauti.

Bela Lugosi alizaliwa 1882 mji wa Lugos, wakati huo Austria-Hungaria, leo Romania. Lugha yake ni Kihungaria. Alicheza Dracula jukwaani Broadway mwaka 1927 kabla ya filamu. Kwenye filamu ya 1931 hana meno marefu hata mara moja, itazameni tena. Kinachotisha ni Kiingereza chake: polepole, kila neno limewekwa chini kama mtu anayepanga vyombo vya kioo. Sinema ya sauti ilikuwa changa bado, watu ndiyo kwanza wanasikia lafudhi ikitoka kwenye kitambaa cheupe.

Swali langu linahusu huku kwetu. Filamu hiyo ikiingia kwenye kibanda cha video na vijee, yule msimulizi wa filamu, akaitafsiri kwa Luganda, ile lafudhi inakwenda wapi? Vijee anashusha sauti ya filamu, anasema juu yake. Ugeni wote wa Lugosi unazama. Vijee ndiye anaamua sasa adui anasikika kama mtu wa wapi, na mara nyingi anampa lafudhi ya kabila fulani ili watu wacheke. Hapo hapo amewatengenezea watazamaji mgeni mpya ambaye mwongozaji wa 1931 hakumjua.

Anayetaka kuihifadhi: sentensi ya kwanza ya adui iache wazi sekunde tatu au nne, sauti ya asili ijae ukumbi, kisha ndipo utafsiri. Ukiingia mara moja, mtazamaji hapati kipimo.

#6 Nalongo_W
Kibanda_Nne, hili la lafudhi ya kabila ni zito kuliko Dracula mwenyewe. Tulirudie.

#7 TaaNaKivuli
Kwanza taa. Mpiga picha wa Dracula (1931) alikuwa Karl Freund, Mjerumani kwa kazi na malezi. Macho ya Lugosi yanayong'aa ni vijitaa vidogo vilivyolengwa kwenye macho tu, uso wote umeachwa gizani. Kufanya hivyo leo: tochi moja, kadi nyeusi yenye tundu, iweke usawa wa macho. Kinachoharibu ni mwendo. Mwigizaji akisogeza kichwa sentimita mbili, mwanga unaangukia shavuni na unaonekana kama kosa. Mkalishe, mpe kitu cha kuegemea kisogo.

Kivuli cha Orlok kwenye ngazi nacho ni hesabu. Ukubwa wa kivuli ni umbali wa taa hadi ukuta, ukigawanya kwa umbali wa taa hadi mwigizaji. Taa ikiwa mita 1 kutoka kwa mtu na mita 3 kutoka ukutani, kivuli ni mara tatu. Lakini taa ikiwa karibu na pana, kingo zinafifia na vidole vinapotea. Tumia chanzo kidogo kimoja bila kitambaa wala mwavuli, uzime nyingine zote, hata ya korido.

Maana yake kwa uzi huu: kivuli kinaingia kabla ya mwili. Mgeni anayeogopwa ni habari zake, yeye mwenyewe bado hajafika.

#8 Busia_Mpakani
Mnazungumza kana kwamba wanyonyadamu ni wa Ulaya tu. Huku tulikuwa na wetu, na walikuwa na gari.

Wakati wa ukoloni Uganda waliitwa bazimamoto, Kenya wazimamoto, pwani mumiani, Tanganyika chinjachinja. Uvumi ulisema watu wa zimamoto wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu, damu inapelekwa kwa Wazungu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo, pamoja na ya Kampala, kwenye kitabu alichotoa mwaka 2000. Linganisheni na Orlok. Yeye ana jeneza na panya, wa kwetu ana sare, ndoo, sindano na gari jekundu. Aliyetishwa na Dracula alikuwa mwenye himaya. Aliyetishwa na bazimamoto alikuwa mtawaliwa. Mnyonyadamu ni yule yule, amebadilishwa upande tu.

Tena neno lenyewe: mumiani linatokana na mumiya la Kiajemi na Kiarabu, kitu cheusi kama lami kilichouzwa kama dawa. Wazungu walipolichukua likawa jina la maiti za Misri zilizohifadhiwa. Kwa hiyo The Mummy ya Karloff na mumiani wa bibi zetu ni neno moja lililopita njia mbili.

#9 Mwl_Tororo
Busia, ahsante sana kwa hilo. Naongeza na kupunguza.

Kupunguza: kwenye masimulizi hayo wakamataji wengi ni Waafrika walioajiriwa. Mzungu yuko nyuma, anayekujia usiku ni mtu unayeweza kumjua jina. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Bazimamoto waliivunja methali hiyo, kwa sababu anayekujua ndiye anayekuuza.

Kuongeza: mhakiki Stephen Arata aliandika mwaka 1990 kwamba riwaya ya Dracula ni ukoloni uliogeuzwa. Mgeni anasoma lugha ya Waingereza, sheria zao, ramani zao, kisha anaingia na kununua. Kuna mahali Dracula anakutwa amelala kwenye kochi anasoma ratiba ya treni za Uingereza. Kitabu ni cha 1897. Mwaka mmoja kabla, 1896, reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Mwaka huo huo wa 1897 Kabaka Mwanga wa Buganda aliasi na kuondolewa kwenye kiti. Waingereza walikuwa wanajisomea hofu ya kufanyiwa waliyokuwa wanayafanya Mengo, kwa Kabaka.

#10 TaaNaKivuli
Mwalimu ametaja reli, basi msiwasahau simba wa Tsavo wa 1898. Baadhi ya vibarua waliamini si simba, ni mizimu ya machifu wanaopinga reli. Mwaka 1952 Marekani waliwatengenezea filamu, Bwana Devil, filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya 3D, ya kutazamwa kwa miwani maalumu, kule kwao. Neno la Kiswahili limo kwenye jina, na zimwi ni mwenyeji. Mgeni pale ni reli.

#11 Kisenyi_Filamu
Hiyo inanipiga mimi mwenye uzi. Nakubali kuwa "mgeni" inategemea kamera imesimama upande gani. Lakini Orlok bado simwachii.

#12 Nalongo_W
Usimwachie. Orlok ana pua ndefu, kipara, masikio yaliyochongoka, kucha, na meno yake marefu ni ya mbele kama ya panya, si ya pembeni. Anakuja na tauni. Magazeti ya chuki ya Ulaya yalikuwa yakiwachora Wayahudi kwa alama hizo hizo. Mwaka 1940 filamu ya propaganda ya Wanazi, Der ewige Jude, iliweka picha za panya pamoja na za Wayahudi wazi wazi.

Upande wa pili lazima usemwe: mwandishi wa Nosferatu, Henrik Galeen, alikuwa Myahudi, na Alexander Granach aliyecheza Knock, wakala wa nyumba, pia. Kwa hiyo nia haiwezi kusomwa kirahisi. Lakini fundi anaweza kuchora alama aliyoizoea machoni bila kukusudia ubaya, na alama ikafanya kazi yake. Kwa hiyo mimi naamini zimwi hazaliwi na hofu ya wahamiaji kwa ujumla. Anazaliwa na michoro iliyokuwepo tayari, na mtu wa vipodozi anaikuta mezani.

Halafu jambo la jua. Watu wengi hudhani mnyonyadamu kufa kwa mwanga wa asubuhi ni imani ya kale. Limeanza na filamu hii ya 1922. Kwenye riwaya Dracula anatembea London mchana.

#13 Busia_Mpakani
Nalongo, na ile nyota ya The Wolf Man? Mwandishi Curt Siodmak alikuwa Myahudi aliyetoka Ujerumani 1933. Mbwamwitu anaiona nyota kwenye kiganja cha mtu ambaye yeye mbwamwitu atamuua. Hiyo si nyota ya njano waliyovalishwa Wayahudi?

#14 Nalongo_W
Ya kwenye filamu ina pembe tano, ya Daudi ina sita. Amri ya nyota ya njano Ujerumani ilitoka Septemba 1941, filamu ikatoka Desemba mwaka huo huo. Muda ni mfupi mno kusema imenakiliwa. Ila mtu aliyekimbia kwao, akaandika habari ya alama inayomchagua nani atauawa, hakuhitaji kunakili. Tena anayemwambukiza Talbot ni Mjipsi, anayechezwa na Lugosi yule yule. Aliyekimbia chuki naye akatumia Mjipsi kama mlango wa ugonjwa. Hilo linauma.

#15 Kibanda_Nne
Mimi naona mnaipa sinema akili nyingi kuliko mifuko yake. Kampuni ya Universal walinunua tamthilia iliyokwisha kupendwa. Lugosi alilipwa dola 500 kwa wiki, wiki saba basi. Mandhari zile zile usiku zilitumiwa kupiga Dracula ya Kihispania, Carlos Villarías akicheza Dracula, ili mandhari zilipe mara mbili. Hollywood ilikuwa imejaa wageni kutoka Ulaya, unampa mgeni nafasi ya mgeni. Ni biashara.

#16 FundiVipodozi
Biashara inaeleza nani alipewa kazi. Haielezi kwa nini watu walinunua tiketi.

#17 Mwl_Tororo
Na haielezi zombi. White Zombie ilitoka 1932, Lugosi ndani tena, wakati majeshi ya Marekani yako Haiti tangu 1915, yakaondoka 1934. Zombi wa filamu ile hawali mtu. Wanasukuma kinu cha miwa usiku kucha, kimya. Mwenye kutisha ni mwenye kinu. Halafu 1968, Night of the Living Dead, zombi ni majirani, na steringi ni mtu mweusi, Ben, aliyechezwa na Duane Jones. Anaokoka usiku kucha dhidi ya wafu, asubuhi anapigwa risasi na kikosi cha walio hai. Hapo mgeni anayeogopwa ndiye steringi.

#18 TaaNaKivuli
Sahihisho, mwalimu, kwa heshima: ndani ya filamu ile ya 1968 neno zombi halitamkwi. Wanaitwa majini walao maiti. Zombi ni jina walilopewa na watazamaji baadaye.

#19 Mwl_Tororo
Sawa kabisa. Nimepokea.

#20 Bombo_Yetu
Nimesoma yote kimya. Naomba sasa turudi kwenye neno la Kibanda_Nne na Nalongo kuhusu lafudhi, maana tunazunguka Romania na Haiti na jambo liko hapa.

Kwenye michezo na filamu za Uganda, adui akitokea, anasema nini? Anaacha Luganda na kuingia Kiswahili. Askari wa kizuizini, mwizi mwenye bunduki, mtesaji. "Kaa chini!" "Toa kitambulisho!" "Panda gari!" Hilo la mwisho kila mzee wa Kampala analijua, ni jina la misako ya miaka ya themanini. Lugha ilikuja na kambi za jeshi la kikoloni, ikabaki lugha ya amri, na wakati wa Amin ikakaa masikioni mwa watu pamoja na hofu.

Amin mwenyewe amekuwa zimwi wa sinema. Joseph Olita, Mkenya, alimcheza katika filamu ya 1981, na tena katika Mississippi Masala (1991) inayohusu Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, wakipewa siku 90 waondoke. Forest Whitaker alimcheza mwaka 2006 na akapata Oscar, tena alijifunza Kiswahili kwa ajili ya nafasi hiyo. Angalieni: Mhungaria alimpa zimwi sauti yake mwaka 1931. Hapa aliyempa zimwi sauti ni sisi, kwa lugha hii tunayoandikia uzi. Mtoto wa Bombo, Arua au Busia akifungua mdomo mjini, kuna mtu anasikia buti.

Katiba imekitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili tangu 2005. Mwaka 2022 serikali ikasema kifundishwe. Karatasi ziko tayari. Sikio bado.

#21 Nalongo_W
Bombo, ahsante kwa kulitaja wazi. Naliunga mkono, nikiongeza sababu moja: wengi walikisikia Kiswahili kwa sauti ya kuamrisha tu. Hawakusikia kikibembeleza mtoto, kikipatanisha wanandoa, kikihesabu deni la duka. Hakuna lugha isiyotisha ukiijua kwa amri peke yake.

#22 Kibanda_Nne
Sikubaliani kidogo. Wanaoandika hawana chuki, wanatafuta njia fupi. Neno moja la Kiswahili na watazamaji wote wameshaelewa huyu ni nani. Ukiiondoa, lazima uandike dakika tano za kumjenga adui.

#23 FundiVipodozi
Dakika tano hizo ndizo kazi. Pierce alitumia saa nne kwa kichwa tu.

#24 Kisenyi_Filamu
Basi tufanye zoezi la maandishi. Filamu fupi ya dakika kumi na mbili, adui asitambulike kwa Kiswahili. Mnashauri nini?

#25 TaaNaKivuli
Geuza. Kiswahili apewe bibi muuza samaki, tena maneno mengi, ya upole na ya ubishi. Adui aseme Luganda safi ya adabu, au Kiingereza cha ofisini, kwa sauti ya chini. Maikrofoni iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, imewekwa pembeni kidogo, si mbele moja kwa moja, la sivyo kila "p" na "b" itapiga kishindo na utisho utaharibika. Usimwongezee mwangwi. Sauti kavu iliyo karibu inamkalia mtazamaji begani.

Kuhusu kufika: asionekane kwanza. Taa za gari zipite ukutani, mlango, kisha kivuli kwa hesabu ile ya mita 1 na mita 3.

#26 Busia_Mpakani
Na atoke wapi? Meli itakuwa ghali. Mimi ningemleta kwa basi la usiku kutoka Juba, taa moja imekufa, ashuke na sanduku.

#27 Bombo_Yetu
Kwa nini Juba, ndugu yangu? Huyo bibi muuza samaki anaweza kuwa na wajukuu huko. Mshushe kutoka Kololo kwa matajiri, kwa gari lenye taa zote mbili nzima, ana karatasi za kiwanja mkononi.